Je, Ni Halali Kumfuga Chungu?



Mwezi wa Aprili 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu wapatao 5,000, waliotiwa katika vichupa vyembamba zaidi ya 2,000 vyenye pamba. Mwezi wa Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilimtoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1, au kifungo cha miezi 12. Watu wawili wengine, Mvietinamu na Mkenya, walipewa adhabu iyo hiyo katika kesi ya namna hiyo. Wengi wetu tulicheka. Chungu huyu ambaye twammwagia majivu akiingia kwenye sukari, leo amekuwa mali ya serikali?

Basi na tujue kwamba huko Ulaya na Asia wako watu wafugao chungu nyumbani katika masanduku ya kioo, kama wengine wafugavyo samaki. Huwatazama wakichimba vijia na kuweka akiba. Malkia mmoja wa chungu wetu wakubwa wekundu huuzwa kwa bei ghali. Kwa sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013, kiumbe wa mwitu hawekwi wala hauzwi bila kibali. Wako wasemao kwamba sheria ilegezwe, kila apendaye afuge atakacho, awe chungu, kobe, komba au kasuku. Neno hili lafaa kupimwa, si kuchekwa.

Hoja zao si za kipumbavu. Kwanza, husema kwamba Mungu alimpa mwanadamu kuvitawala viumbe. Pili, amfugaye mnyama hujifunza kumpenda. Hata nabii Nathani, alipotaka kuugusa moyo wa Daudi, alitumia habari za maskini aliyemlea mwana-kondoo nyumbani kama binti yake. Tatu, marufuku huzaa magendo, na fedha ambayo ingemfikia mwanakijiji huishia mfukoni mwa mlanguzi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami nakubali kwamba ina ukweli. Lakini tumtazame kasuku wa kijivu. Kwa miaka mingi biashara yake iliruhusiwa kwa vibali na kwa hesabu maalumu. Hata hivyo, nchini Ghana uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu 1992 walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 au zaidi, kwa kutegwa na kwa kukatwa miti mikubwa wanamotaga. Mwaka uo huo, mkutano wa mataifa huko Johannesburg uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini. Basi kibali peke yake si kinga. Karatasi haihesabu viota.

Na mwana-kondoo wa Nathani? Yule alikuwa mnyama wa kufugwa. Kondoo, mbwa na paka wamekaa na watu maelfu ya miaka, hata tabia zao zimefuatana na zetu. Komba siye. Yeye huamka usiku kuruka matawini, na ukimfungia sebuleni, unachokipenda ni umbo lake tu. Maisha yake umeyaacha msituni.

Sasa turudi kwa chungu. Mvua ikinyesha, malkia hutoka na mabawa, hupandwa, hukata mabawa yake, huchimba shimo na kuanza ukoo mpya. Ukoo huo huokota mbegu, na nyingine zikidondoka humea. Huchimbua udongo, hewa na maji vikapenya. Amchukuaye malkia hachukui mdudu mmoja, bali kichuguu kizima kisichozaliwa bado. Tena akiponyoka katika nchi ya kigeni, aweza kuwasumbua viumbe wa huko.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna amri ndogo ambayo twaipita upesi. Ukikuta kiota njiani, waweza kuchukua makinda, lakini mama umwache aende zake. Tazameni hekima yake. Sheria ile haikumkataza mtu kutumia. Ilimkataza kung'oa chimbuko. Nao wafanya magendo wa chungu humtafuta nani? Humtafuta mama hasa.

Kwa hiyo naona hivi. Sheria yaweza kuruhusu ufugaji wa viumbe waliozaliwa mikononi mwa wafugaji wanaojulikana, pasipo kumaliza wa porini, na mwenyeji wa mahali apate haki yake. Lakini kufungua mlango kwa kila mwenye fedha na tamaa, hapana. Hakimu katika kesi ile aliyafananisha mateso ya viumbe hao na biashara ya utumwa. Wengine watasema amezidi, maana chungu si mtu. Ni kweli, mtu peke yake aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini sisi Waanglikana, ambao kanisa letu kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, twajua jinsi bei inavyoweza kumfumba mtu macho.

Chuoni kwetu cha ualimu tulifundishwa kuleta viumbe hai darasani ili watoto waone, na kanuni ilikuwa moja: kengele ya jioni isilie kabla kiumbe hajarudishwa alikotolewa. Yafaa tuwafundishe wana wetu vivyo hivyo. Mtoto akileta kobe nyumbani, tusimpige. Tumpeleke amrudishe, tukae naye amtazame akienda.

Mithali sura ya 6 humtuma mvivu amwendee chungu apate hekima. Angalieni, mvivu ndiye anayeambiwa aende. Hakuambiwa amtie chungu katika chupa amlete nyumbani.

Bwana atupe macho ya kuona na mikono ya kuacha.