Komunyo ya Kwanza Haishonwi kwa Fundi Cherehani

Wanangu mlio na watoto mafundishoni, kaeni niwaambie. Nimefundisha dini parokiani hadi mvi zimenijaa, na ninaona mnavyojiandaa. Kikao cha mchango kimeshakaa, ukumbi umelipiwa kianzio, gauni jeupe liko kwa fundi. Mtoto mwenyewe anajua rangi ya keki yake, lakini Sala ya Kutubu inamshinda katikati. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Msiniambie, "Si yupo katekista?" Sheria ya Kanisa, kanuni ya 914, inapotaja wenye wajibu wa kumwandaa mtoto, inaanza na wazazi, ndipo inamtaja paroko. Katekista anawasaidia tu. Anakaa na mtoto wenu saa chache za Jumamosi. Ninyi mnaye kila usiku. Nyumba isiyosali pamoja hata Baba Yetu moja isitegemee darasa lifanye muujiza.

Mwaka 1910 Papa Pio X aliagiza watoto wasicheleweshwe tena. Wafikapo umri wa kutumia akili, yaani kama miaka 7, wakaribishwe mezani. Kabla ya hapo kuna waliongojeshwa hadi miaka 12 au 14. Hakudai mtoto awe mwanateolojia. Alitaka aweze kupambanua mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, na aende kwa ibada. Basi muulizeni wenu: "Siku hiyo unampokea nani?" Akianza kueleza viatu, kazi bado.

Kabla ya Komunyo kuna Kitubio, na hapo mnaharibu wengi. Acheni kumtisha mtoto kwamba mtamsemea kwa padre. Mfundisheni kupima moyo wake: kuangusha kikombe kikavunjika si dhambi, kukivunja kisha kumsingizia mdogo wake, hiyo ni dhambi. Akitoka kuungama, msimchokonoe alisema nini wala alipewa malipizi gani. Ni yake na Mungu wake. Tena naye awaone ninyi mmepanga foleni kuungama.

Sasa nigusie panapouma. Wapo kati yenu mnaoishi pamoja miaka mingi bila ndoa ya Kanisa. Siku hiyo mtoto atapokea, baba na mama mmebaki kwenye benchi. Atawauliza kwa nini, na hana kosa kuuliza. Nikiwauliza mimi, mnajibu, "Mzee, tunatafuta kwanza hela ya harusi." Wanangu, Kanisa halikuomba ukumbi. Kwa kawaida ndoa hufungwa na ninyi wawili mbele ya padre au shemasi, na mashahidi wawili. Maandalizi na matangazo yapo, na kama kuna kizuizi paroko atawaeleza njia. Lakini pilau na magari ya kukodi si masharti. Sherehe ile ile inayommeza mtoto wenu leo ndiyo iliyowazuia ninyi kukaribia altare miaka yote hii. Mkimrithisha imani kwamba sakramenti bila shamrashamra haijakamilika, naye kesho ataishi kama mnavyoishi.

Sikatazi furaha. Mpikieni, mwalikeni bibi, mpeni rozari yake mwenyewe. Ila msikope, na msimgeuze mtoto kuwa sababu ya kuchangisha mtaa mzima. Na Jumapili inayofuata, isiyo na picha wala zawadi, mpelekeni Misa tena, afunge ile saa moja kabla ya kupokea kama alivyofundishwa. Nimeona wengi waliopokea mara ya kwanza kwa vigelegele, wakaonekana tena siku ya Kipaimara.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kijacho cha mchango, nendeni ofisini kwa paroko. Wenye ndoa wakaulize mtoto amefikia wapi. Wasio na ndoa wakaanze safari yao. Kadi za mwaliko zitasubiri.