Kuhamisha Kilicho Hai

Tangi dogo la maji ya bahari sebuleni, lenye lita mia moja hivi, ni kipande cha mwamba kilichotengwa na bahari yake. Ndani mna mawe, mchanga, matumbawe na samaki wawili watatu. Mwenye tangi akipata jingine kubwa zaidi, huona ni jambo jepesi: kuosha, kujaza, kuhamisha. Hapo linazuka swali la imani. Mungu alipomkabidhi mwanadamu viumbe, je, alimpa ruhusa ya kuviweka popote apendapo, ilimradi nia yake ni njema?

Tuitazame kazi yenyewe. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wanaomwokoa ni bakteria wasioonekana kwa macho, waliofanya makao juu ya mawe. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Jumuiya hiyo huchukua majuma kadhaa kujijenga. Kwa hiyo tangi linalong'aa, lenye mawe yaliyosuguliwa kwa maji ya bomba, hupendeza machoni petu na huweza kuwa kaburi la samaki.

Ajuaye kazi hii huyabeba mawe ya zamani yakiwa bado yameloa maji ya bahari. Wala habebi kila cha zamani. Mchanga uliokaa miaka chini ya tangi, ukitibuliwa, huachia taka zilizozikwa. Huo huoshwa au hubadilishwa. Maji mapya hutiwa chumvi mapema, gramu 35 hivi kwa lita, na kupashwa moto hadi nyuzi 25 au 26. Kisha viumbe huzoeshwa maji hayo tone kwa tone. Taa nazo huanza na mwanga hafifu, kwa maana matumbawe yakipigwa ghafla na mwanga mkali huweza kuupoteza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe.

Wako watakaosema: hawa ni samaki tu, na duniani wamo watu wenye njaa. Ni kweli, na mwenye njaa hutangulia. Lakini samaki huyu hakuomba kuja. Wengine wa aina yake huvuliwa katika pwani ya Kenya na kusafirishwa kwa ndege hadi nchi za mbali. Tulipomtoa baharini tulimwondolea uwezo wa kujitafutia maji mengine. Tangu siku hiyo hana kimbilio ila sisi. Maandiko yanatufundisha kwamba mtu mwadilifu huujali uhai wa mnyama wake, na kwamba Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Mamlaka tuliyopewa, basi, ni ya mtunzaji, na mtunzaji huenda kwa mwendo wa anayetunzwa.

Jambo hili linatugusa karibu zaidi. Wangapi kati yetu tumemtoa mama mzee kijijini tukamleta mjini, kwenye chumba safi chenye maji na umeme, kisha tukashangaa kumwona akinyong'onyea? Tulimpa kila kilichoonekana. Jirani wa kumwita asubuhi, jumuiya ya sala, kijishamba cha mboga, kaburi la mumewe: hayo yalikuwa mawe yake, nasi tuliyaacha nyuma kwa sababu hatukuyaona kuwa mali. Nia yetu ilikuwa njema, lakini nia njema haikutosha.

Hata hivyo, mzazi si samaki. Samaki hawezi kuulizwa, hivyo yatupasa kumchunguza kwa subira. Mzazi anaweza kuulizwa, hivyo yatupasa kumwuliza, na kulipokea jibu lake hata likiwa ni kukataa kuhama. Kumtunza mtu kama samaki wa tangini, hata kwa upendo mwingi, ni kumnyang'anya sauti aliyopewa na Muumba.

Basi, ndugu, kabla hatujahamisha chochote chenye uhai, tujiulize: ni nini kisichoonekana kinachomweka hai? Kipi kibebwe, kipi kiachwe? Na je, tuko tayari kungoja? Asiyekuwa tayari kungoja bado hajawa tayari kuhamisha.