Kivuli cha Kijiti ni Mwalimu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya, enyi ndugu zetu wa Tanga na Pangani! Watoto wetu huhifadhi chuoni ya kuwa Adhuhuri huingia jua likipinduka, na Alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, mbali na kivuli cha jua la kati. Maneno haya huyasoma kwa ghibu pasipo kukosa. Lakini mtoe mmoja wao uani, umwulize: "Je, wakati umeingia?" Atatafuta saa, au simu ya baba yake. Na saa ikienda mbele, atasali kabla ya wakati, na sala hiyo haisihi.

Je, hivyo ndivyo alivyofundishwa Mtume wetu? Jibrili alimsalisha siku mbili penye Al-Kaaba, akamwonyesha mwanzo wa nyakati na mwisho wake. Na alama zao zilikuwa alfajiri, na kivuli, na wekundu wa magharibi.

Basi, ewe mwalimu, watoe wanafunzi nje. Simika kijiti wima pahali palipo sawa, uweke vijiwe penye ncha ya kivuli. Kivuli kitapungua, kisha kitaanza kuzidi: hapo ndipo Adhuhuri. Tena wataona ya kuwa kwetu Tanga kivuli cha jua la kati huelekea kusini mwezi wa Juni, na kaskazini mwezi wa Desemba. Na mwanzoni mwa Machi na mwa Oktoba jua hupita utosini, kivuli kikakaribia kutoweka. Siku hizo kuzuka kwake ndiyo alama. Na mstari wa kivuli hicho huwaonyesha kaskazini, na huko ndiko kibla chetu.

Kisha wapelekeni Tongoni, wakatazame msikiti wa kale na mihrabu yake. Walioujenga hawakuwa na saa mfukoni, na kibla walikijua.

Huenda mzee akasema: "Mtoto akitolewa nje hucheza." Naam, na ndani husinzia. Dawa yake ni mwalimu kusimama naye, si kumfungia mlango.

Enyi wazazi! Kesho mtaulizwa juu ya sala za watoto wenu. Msiridhike na ulimi uliohifadhi, hali jicho halijui.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa. Amin.