Dawa ya Jicho Ni ya Nani?

Jirani akiamka na macho mekundu yaliyogandwa na tongo, mwenye chupa ya matone ya antibiotiki kabatini hujiona ana wajibu wa kumpa. Katika mtaa ambako nyumba zimebanana, kunyimana ni aibu. Wema huo ni wa kweli. Ninachokataa ni kwamba antibiotiki ni kitu cha kugawiwa kama chumvi. Chumvi ikitolewa humpungukia mtoaji peke yake. Antibiotiki ikitumiwa ovyo, vijidudu dhaifu hufa, sugu husalia wakazaana, na hasara humwangukia mtu ambaye hakuulizwa. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kuhusu dozi ndogo mno mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel. Nguvu ya dawa hii basi ni amana, na wenye haki nayo ni pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Tena macho mekundu mara nyingi huletwa na virusi, kama katika mlipuko wa Mombasa mapema mwaka 2024, au na mzio, na hapo antibiotiki haina kazi. Ncha ya chupa iliyogusa usaha huhamisha ugonjwa. Matone mengine yamechanganywa na steroidi: wekundu huondoka upesi, huku virusi vya herpes, kama ndivyo vilivyomo, vikizidi kulila jicho.

Wapo watakaosema Mungu hutazama nia. Ni kweli, lakini nia njema humtakasa mtoaji. Haiokoi jicho la mpokeaji. Hoja ya foleni ya hospitali, nauli na kibarua cha siku kinachopotea ina uzito zaidi, wala sioni haki ya kuijibu kwa kumlaumu mama aliyeazima matone. Lawama kubwa ni ya anayejua: muuzaji anayetoa dawa ya cheti bila cheti, bila hata kulitazama jicho. Na amana isigeuke kisingizio cha kunyima. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni anaweza kupofuka ndani ya siku chache. Ndiyo maana watoto hupakwa machoni mafuta ya tetrasaiklini mara wanapozaliwa. Huyo, pamoja na yeyote mwenye maumivu makali, anayeona ukungu au asiyevumilia mwanga, afikishwe hospitalini siku hiyohiyo, na dozi atakayopewa aitumie kama alivyoelekezwa. Jirani bado ana mengi ya kumpa mgonjwa: nauli, maji yaliyochemshwa, kitambaa safi asichotumia mwingine, na mtu wa kumwangalilia watoto mpaka arudi.