Je, Lawama ni ya Pipa?

Hapa Goma mara nyingi twasikia kijana mwizi au mpiganaji akitetewa hivi: “Msimlaumu, amekulia vitani.” Mwingine hujibu: “Wangapi wamekulia vitani, wala hawaibi?” Nani asema kweli? Tulipime neno hili kwa mfano wa kinywaji kinachojulikana sana mjini, yaani wiski.

Wiski hutokana na nafaka. Nafaka huchachushwa, kisha pombe yake huchemshwa na mvuke kupozwa, kama wafanyavyo wapikaji wa kanyanga. Maji yale makali yakitoka ni meupe, tena huchoma koo. Basi ile rangi na ile harufu nzuri zatoka wapi? Kwa sehemu kubwa zatoka katika mti. Wiski ya Uskoti, kwa sheria, hukaa katika mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3. Kule Marekani, wiski iitwayo bourbon lazima iwekwe katika mwaloni mpya uliounguzwa ndani kwa moto. Moto huo huuamsha mti ukatoa utamu na harufu ya vanila, nao mkaa wake hunyonya harufu mbaya.

Lakini jambo la ajabu zaidi ni kwamba pipa halisahau. Kwa kuwa bourbon yataka pipa jipya, mapipa yaliyokwisha tumika huuzwa Uskoti. Mengine yalikuwa na divai ya Hispania iitwayo sherry. Wiski ikitiwa humo hupata ladha ya kinywaji kilichotangulia, ingawa hazikukutana kamwe. Hata mama zetu wajua hivyo: kibuyu kilichofukizwa moshi huyapa maziwa ladha yake, na bidoni iliyotiwa mafuta ya taa haifai kutiwa kasiksi.

Basi, enyi wazazi, mtoto naye huonja yale yaliyokuwamo nyumbani kabla hajazaliwa. Chuki ambayo babu aliwachukia jirani, matusi ambayo baba aliyarithi kwa baba yake, yote yamo katika mbao za nyumba, nayo humwingia mtoto polepole bila mtu kumfundisha. Ndiyo maana wahenga wamesema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayesema “amekulia vitani” asema kweli, wala sisi tulio mbao za pipa lile hatuwezi kunawa mikono.

Je, ina maana kijana hana hatia? La hasha! Hapa mfano wetu wafikia mpaka wake. Wiski haikuchagua pipa, wala haiwezi kutoka usiku kutafuta lingine. Mtu amepewa akili na hiari. Akiisha kupambanua mema na mabaya, huchagua rafiki, huchagua neno la kushika na neno la kutupa. Twawajua vijana waliolala njaa katika mahema, nao hawakugusa mali ya mtu. Hao ni mashahidi kwamba pipa si yote.

Wala mtu asiseme kwamba vita ni moto unaomwiva mtu. Fundi wa mapipa huunguza mti kwa kipimo, akijua wakati wa kuuzima. Vita havina kipimo.

Basi tuseme wazi. Anayemwadhibu kijana pasipo kuuliza alilelewaje, amesahau pipa. Anayemwachilia kwa sababu ya malezi tu, amemfanya kuwa maji yasiyo na hiari, naye amemdharau kuliko yule anayemwadhibu. Kijana na atengeneze alichoharibu, arudishe alichoiba. Nasi tumpokee, tumpe mahali pema pa kukaa. Na kila mzazi, kabla ya kulalamikia ladha ya mwanawe, kwanza anuse ndani ya pipa.