Picha na Mbishi Wake

Mpe mtu wa Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, ambaye hajawahi kuona kriketi ile picha aliyoipiga Ron Lovitt, mpigapicha wa gazeti la The Age, mjini Brisbane, Australia, tarehe 14 Desemba 1960. Ataona wanaume wenye nguo nyeupe wametawanyika kwenye nyasi, wengine wameinua mikono juu, na vijiti vilivyokuwa vimesimama sasa vimevurugika. Atajua kwamba pametokea jambo na kwamba wapo waliolifurahia. Zaidi ya hapo hana la kusema. Hawezi kujua kwamba mchezo ule ulichezwa siku tano, kwamba West Indies walipata mikimbio 453 katika zamu ya kwanza na 284 katika ya pili, na Australia wakapata 505 na 232. Wala kwamba ukijumlisha upande wowote unapata 737. Hawezi kujua kwamba ulikuwa umebaki mpira mmoja tu baada ya huu wa pichani, kwamba Joe Solomon wa Guyana aliurusha kutoka pembeni huku akiona kijiti kimoja tu cha kulenga, akakipata kabla Ian Meckiff wa Australia hajafika, na kwamba hiyo ndiyo sare ya kwanza ya namna yake tangu mechi za kriketi za kiwango cha Test zianze mwaka 1877. Picha hii huhesabiwa miongoni mwa zinazokumbukwa kuliko zote katika historia ya mchezo huo, ilhali karibu kila kinachoifanya ikumbukwe hakimo ndani yake.

Tumezoea kusema kwamba picha huhifadhi tukio. Kauli hiyo ina ukweli mdogo tu, nao ni ukweli wa kikemia: mwanga uliogusa vitu uligusa pia filamu, na alama yake ikabaki. Lakini alama bado si kumbukumbu. Meckiff mwenyewe, aliyekuwa karibu kabisa na vile vijiti, alitoka uwanjani akidhani timu yake imeshindwa. Ikiwa jicho la mtu aliyekuwa katikati ya tukio halikutosha kumwambia kilichotokea, jicho la kamera litamwambiaje mtu wa mbali, miaka sitini baadaye? Kilichoweza kumsahihisha Meckiff ni daftari la mwandika matokeo, aliyekuwa ameketi kando ya uwanja akiandika kila mpira: nani kaurusha, nani kaupiga, nani katolewa na kwa namna gani. Kriketi ina urasimu wa ajabu katika jambo hili, na wasioupenda mchezo huuona kuwa ni uchoshi mtupu. Mimi nauona kuwa ndio siri ya picha zake. Kila picha maarufu ya kriketi imesimama juu ya ukurasa wa daftari, na kwa hiyo yupo mtu, sikuzote, anayeweza kuikabili picha hiyo na kusema: hapana, sivyo ilivyokuwa. Dai langu ni kwamba huyo mtu ndiye anayeifanya picha iwe ya kukumbukwa. Picha isiyo na mbishi inaweza kuonwa na mamilioni, ikawaliza, ikawachangisha fedha, na bado isimkumbuke yeyote.

Daftari peke yake, hata hivyo, halitoshi, na ushahidi wa hilo uko hapa kwetu. Mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume huko Uingereza, iliingia timu iliyoitwa Afrika Mashariki, chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya. Walikuwemo Watanzania Praful Mehta na Shiraz Sumar, na Mganda John Nagenda, mwandishi ambaye baadaye alikuwa mshauri wa Rais Museveni. Walicheza mechi tatu wakafungwa zote: dhidi ya New Zealand walipata mikimbio 128, dhidi ya India 120, dhidi ya Uingereza 94. Majina yapo, hesabu zipo hadi mpira wa mwisho, na picha za timu zipo. Lakini muulize Mtanzania mpenda michezo akuelezee moja ya picha hizo. Hakuna anayebishana nazo kwa sababu hakuna aliyerithi hamu ya kubishana. Jumuiya iliyoipeleka timu ile ilikuwa ndogo, ya mijini, na timu yenyewe ilikuwa ya eneo lisilo na bendera moja. Linganisha na Kenya ya 29 Februari 1996 mjini Pune, India. Kenya walipata mikimbio 166 tu, kisha wakawaangusha West Indies kwa 93. Brian Lara, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote enzi hizo, aligusa mpira wa Rajab Ali, nao ukadakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal, mtu mnene mwenye miwani ambaye siku ile mikono yake ilikuwa imewatia wenzake wasiwasi. Wakenya waliokuwa hai siku hizo bado wanabishana: je, Lara alizembea, ama Rajab alimzidi akili? Picha ya furaha ile inaishi kwa sababu ugomvi huo unaishi. Na kwa upande wa India, mwaka 1983, Kapil Dev alipata mikimbio 175 bila kutolewa dhidi ya Zimbabwe mjini Tunbridge Wells, Uingereza, siku ambayo kamera za televisheni hazikuwapo. Filamu hakuna, daftari lipo, wabishi ni nusu ya Bara Hindi, na hakuna Mhindi wa rika lile atakayekubali kwamba siku hiyo imesahaulika.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka ndani ya kriketi yenyewe. Mwaka 1905 George Beldam, aliyekuwa mchezaji na mpigapicha, alimpiga picha Victor Trumper wa Australia akiruka mbele kuupiga mpira, mguu wa kushoto ukiwa hewani, kibao kimevutwa nyuma kabisa. Wapo wanaosema hii ndiyo picha bora kuliko zote za mchezo huo. Lakini haikupigwa katika mechi. Trumper aliombwa aoneshe mtindo wake, akaonesha. Hakuna daftari lililoandika mpira ule, kwa maana hapakuwa na mchezo wa kuandika. Basi dai langu limeanguka? Nadhani limejiweka sawa tu. Sisi tunajuaje kwamba picha hiyo ilipangwa? Tunajua kwa sababu watu wameikalia na kuihoji kwa zaidi ya karne moja, hata mwandishi Gideon Haigh akatoa kitabu kizima juu yake mwaka 2016. Picha ya Trumper haina tukio, lakini ina mtu mwenye jina, ina watu waliomwona akicheza, na ina wasomi wanaoweza kusema kwamba huu haukuwa mchezo bali maonesho. Kosa langu lingekuwa kudhani kwamba mbishi lazima ashike daftari. Anachohitaji ni kujua, na kuwa na mahali ambapo neno lake litasikilizwa.

Sasa tuzigeukie picha ambazo mbishi wake hana mahali hapo, zile za Kasulu na Kibondo, wilaya za Kigoma, kwa sababu ulimwengu unazo nyingi. Mtu wa London ambaye hawezi kuionesha Kigoma kwenye ramani huenda ameshaziona. Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia ghasia za kisiasa walijaa katika ufuko mwembamba wa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikawaingilia. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawasafirisha hadi Kigoma mjini, na kutoka huko mabasi yakawapandisha hadi Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nyarugusu ilipofurika, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwishoni mwa mwaka huohuo. Wapigapicha walikuwapo kila hatua. Kazi zao si mbaya. Nyingine zina ustadi ambao Lovitt angeuheshimu. Ila soma maelezo yaliyo chini yake. Ni mwanamke mkimbizi, ni mtoto wa Kirundi, ni familia ikisubiri maji. Mahali patatajwa, mwaka utatajwa, jina la mpigapicha halitakosekana kamwe. Mara nyingi mtu aliye pichani ndiye asiyetajwa, na kwa kuwa hatajwi, hakuna awezaye kuandika barua kwa mhariri kusema kwamba yule hakuwa mama wa mtoto bali shangazi yake, kwamba hawakuwa wakisubiri maji bali walikuwa wameshayapata, kwamba kilichomtoa machozi ni moshi wa kuni mbichi.

Nyanda za juu za Kigoma zimeumia kidogo pia kwa namna hiyo, ingawa hili husemwa mara chache. Waha wa Kasulu na Kibondo, wakulima wa maharage na mihogo, watu wa milima yenye ubaridi na mvua za kutosha, wameonekana duniani kama ukuta wa nyuma wa msiba wa watu wengine. Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyetawala eneo la Kasulu katika miaka ya mwisho ya ukoloni, hajulikani kwa mtu hata mmoja kati ya mia wanaolijua hema jeupe la Nyarugusu.

Atakayenijibu atasema kwamba majina hufichwa kwa sababu njema. Mtu aliyekimbia wanaomtafuta hapaswi kutangazwa gazetini, na mtoto hawezi kutoa ridhaa. Hoja hii ni kweli na naikubali yote. Lakini tazama inafika wapi. Katika kambi hizohizo kila mkimbizi hupigwa picha nyingine, ya uso mtupu, na picha hiyo huwekwa pamoja na jina, tarehe ya kuzaliwa, ukubwa wa familia na namba, ndipo apate chakula cha mgao. Hilo ni daftari kamili, pengine kamili kuliko lolote la kriketi. Basi si kwamba majina hayakuandikwa. Yameandikwa, na picha zimepigwa, ila vitu hivyo viwili vimewekwa katika vyumba viwili ambavyo milango yake haitazamani: picha nzuri isiyo na jina imeenda kwa wasomaji, picha yenye jina imebaki ofisini. Usalama unaeleza kwa nini milango ifungwe mwaka 2015. Hauelezi kwa nini ibaki imefungwa daima, wala kwa nini mwenye uso asipewe nakala ya picha yake aione na kuisemea. Kuficha jina kwa wageni ni jambo moja; kutomrudia kabisa mwenye jina ni jambo jingine, na hili la pili halina uhusiano na usalama.

Mwingine atasema kwamba picha ya kambi haikukusudiwa kumkumbuka mtu. Ilikusudiwa kuamsha huruma, na katika hilo uso usio na jina hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa kila mtazamaji anaweza kuweka hapo uso wa mtoto wake. Huenda ni hivyo. Lakini basi tuseme wazi kwamba ni tangazo, la heri, na tuache kuliita kumbukumbu. Huruma inayotaka mtu asiye na jina ili iamke inamwonea huruma nani?

Maeneo ya Maziwa Makuu yenyewe yametoa mfano unaoonesha kwamba picha isiyo na jina haikuhukumiwa kubaki hivyo. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, maelfu ya watoto walikuwa wamepotezana na wazazi wao katika kambi za nchi jirani, na wengine walikuwa wadogo mno hata kutaja jina lao la pili. Mashirika ya misaada yakawapiga picha, yakaipa kila picha namba, yakazitundika kwenye mbao ili watu wapite wazitazame. Hapa hapakuwa na jina, wala daftari la tukio, wala ustadi wowote wa mpigapicha: ni nyuso ndogo zilizopangwa mistari. Halafu anapita mama, anasimama, anasema huyu ni wangu. Au anapita jirani, anasema huyu si yatima, baba yake nimemwona wiki iliyopita. Nasema bila kusita kwamba katika historia yote ya upigaji picha hakuna zilizokumbuka zaidi ya hizo. Nazo zilikumbuka kwa sababu zilipelekwa mbele ya watu wenye uwezo wa kuzibishia, zikatundikwa kwenye urefu wa macho yao, na kila aliyezipinga alishukuriwa. Kwa mpangilio huo, picha iliyoanza bila jina ilipata nguvu ambayo picha ya Brisbane haikuwahi kuwa nayo.

Kwa hiyo tofauti ya picha ya Solomon na picha ya Kagunga haiko katika uzito wa tukio. Vijiti vitatu mbele ya watu waliokimbia nchi yao si kitu. Iko katika njia ambayo picha imepita baada ya kupigwa. Ya kwanza ilirudi nyumbani, kwa waliokuwepo na waliosikia, ikashikwashikwa na kukosolewa mpaka ikawa yao. Ya pili iliruka kutoka ufukoni hadi kwenye hifadhi za mashirika na magazeti ya Ulaya na Marekani, na kwa kadiri nijuavyo nyingi hazijawahi kuoneshwa Kagunga, Nyarugusu wala Nduta. Urejeaji wa hiari wa Warundi ulianza Septemba 2017, na watu wengi wa picha zile wamesharudi kwao. Waliokuwa na miaka kumi ufukoni sasa wanaweza kuwa na watoto wao wenyewe. Wanafahamu mashua ipi ilikuwa ya nani, nani alibeba nani, na nani aliyeonekana amelala hakuwa amelala. Kwa kadiri nijuavyo, ushahidi wao haujakusanywa pembeni ya picha hata moja inayojulikana sana, na wanaozihifadhi picha hizo hawajawauliza.