Kisingizio Hutangulia

Wanangu wa Bwera na Kasese mnaorudi likizo kutoka vyuoni, nina neno nanyi. Siwaulizi nani aliingia na kikaratasi ndani ya soksi, wala nani alilipa akaandikiwa utafiti kule Wandegeya. Nawauliza mlijiambia nini kabla.

Maana hakuna anayeamka akasema leo nakuwa mwizi. Mwaka 1957 wanasosholojia wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, walieleza kuwa kijana mhalifu mara nyingi huijua sheria na hata kuiheshimu. Hujitafutia kisingizio kwanza, ndipo atende bila roho kumsuta. Vyenu navisikia. "Mhadhiri hafundishi." "Wote wanaangalizia, nibaki mjinga peke yangu?" Hivyo vyepesi. Kizito ni hiki: "Baba kauza kahawa yote, na mbuzi juu, nikifeli, ukoo nitauambia nini?" Hiki sikicheki, kimevaa mapenzi. Na wazazi wana sehemu yao: siku ya mahafali wanapika, wanacheza, hakuna anayeuliza mtoto anaweza kufanya nini. Lakini baba yako aliuza kahawa akulipie ujuzi. Ukimletea cheti kitupu umemuuzia kilichooza.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni "simdhuru mtu."

Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo alifikishwa Hospitali ya Kagando. Wahudumu walishuku Ebola, akapelekwa kituo cha matibabu Bwera, na tarehe 11 ikathibitishwa kuwa ndiyo. Alikufa, bibi yake na mdogo wake nao wakafa. Hata hivyo ugonjwa haukuenea wilayani kwetu. Wahudumu wengi wa mpakani walikwisha kuchanjwa na kufundishwa dalili, kwa hiyo waliokuwa zamu walijua wanatazama nini. Homa na kutapika, huku kwetu, mtu huziita malaria upesi sana. Muuguzi aliyenunua majibu ya somo la magonjwa ya kuambukiza angeandika nini kwenye faili lile?

Ni hivyohivyo kwa mhandisi wa daraja la Nyamwamba, mto mnaoujua hasira zake.

Somo likikushinda, rudia karatasi. Kuna aibu, kuna ada ya pili, na wajomba watanung'unika. Njoo uniambie mapema, nitazungumza nao mimi.